Kifo cha Mhusika Mkuu: Psycho na Ukiukaji wa Kaida katika Filamu ya Marekani

Kwa miongo kadhaa, msuko wa filamu za Hollywood uliegemea kaida moja: mhusika mkuu ana lengo, anakumbana na vikwazo, na mtazamaji huandamana naye hadi hatima yake. Aidha, Kanuni za Utayarishaji, zilizotekelezwa kwa ukali kuanzia 1934 na kuondolewa 1968, zilikataza huruma ya mtazamaji kuelekezwa upande wa uhalifu.

Psycho (1960), kazi ya Alfred Hitchcock, inaanza kwa utiifu. Marion Crane anaiba dola 40,000 na kutoroka. Kabla ya filamu kufika katikati, akiwa amekwisha kuamua kuzirudisha, anauawa bafuni. Aliyemwigiza, Janet Leigh, alikuwa nyota mashuhuri. Ndiyo maana pigo hilo halikutarajiwa, na Hitchcock alitaka yeyote asiruhusiwe kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza.

Wahakiki wengi hukitaja kisu na muziki wa Bernard Herrmann. Hata hivyo, ukiukaji mkubwa zaidi umo katika tukio linalofuata. Norman Bates analisukuma gari lenye maiti kwenye kinamasi. Linazama, kisha linakwama. Mtazamaji, aliyekwisha kumpoteza mhusika wake, anajikuta akiomba lizame. Huruma imehamia pale pale palipokatazwa, wala hakuna neno lililotamkwa. Gari linapomalizika kuzama, zile dola zimo ndani, zimeviringishwa katika gazeti, na Norman hana habari nazo.