Mwenye Mawazo Asikilizwe

Kuna maneno mawili yasemwayo kila siku majumbani mwetu: "Ana mawazo." Husemwa juu ya mama asiyepata usingizi, juu ya kijana aliyeacha kula, juu ya baba akaaye peke yake nyuma ya nyumba. Tukiisha kuyasema hayo, humwambia mwenye taabu, "Jipe moyo, vumilia," kisha twaenda zetu, tukidhani kwamba tumemsaidia. Lakini mazungumzo ya watu wawili, yakiendeshwa kwa utaratibu, yaweza kuwa dawa ya kweli. Mfano wake tunao katika nchi ya Zimbabwe.

Washona nao wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2005 Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa magonjwa ya akili nchini humo, alifiwa na mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Wazazi wake walitaka kumleta hospitali, lakini nauli ya basi iliwashinda. Tangu hapo daktari huyo aliona kwamba haifai kumngoja mgonjwa hospitalini.

Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza kazi pamoja na mabibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani. Chumba hakikuwapo, wakaweka benchi la mbao nje ya zahanati. Yeye alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Mabibi wakakataa: nani atakubali kuonekana ameketi hapo? Likaitwa Benchi la Urafiki. (Wazee hujua mambo ambayo vyuo havifundishi.)

Basi, bibi hufanya nini? Kwanza huuliza maswali 14 juu ya siku saba zilizopita: je, ulikosa usingizi? Ulikasirika kwa jambo dogo? Uliona afadhali kufa? Kisha humwacha mgeni aseme yote, naye husikiliza bila kumkatiza. Hatua hiyo huitwa kufungua akili. Baada ya hapo humwomba ayataje matatizo yake moja moja, halafu achague moja tu la kuanza nalo. Hapo ndipo penye kiini cha dawa. Mwenye mawazo huona deni, ugonjwa, ugomvi wa ndoa na njaa kama mlima mmoja usiopandika. Akilitenga jambo moja, huanza kuona mahali pa kuweka mguu. Bibi hampi jibu. Humwuliza, "Waonaje wewe? Waweza kufanya nini juma hili, na siku gani?" Mgeni huenda kulijaribu, kisha hurudi kueleza lilivyokwenda. Likishindikana, hutafuta njia nyingine pamoja. Huweza kukutana hata mara sita.

Hapo sisi wengi hukosea. Mtu akianza kutueleza shida yake, hatumngoji amalize. Twamkatiza kwa shauri, au kwa kisa chetu wenyewe, au twamkemea kwamba wenzake wana taabu kubwa zaidi. Naye hufunga kinywa.

Kazi ya mabibi ilipimwa kwa watu 573 katika zahanati 24, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika watu 100 waliopata matunzo ya kawaida, kama 50 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Katika 100 walioketi benchini, walikuwa kama 14 tu.

Wakimaliza, wengi hujiunga na kikundi cha wenzao waliopitia benchi hilo, ambapo hufuma mifuko ya kuuza huku wakizungumza. Lakini yule ajibuye kwamba ataka kujiua haachiwi bibi peke yake: siku ileile hupelekwa kwa wauguzi na madaktari.