Usiingojee Baridi Iishe



*Mimi ni binti wa Mombasa, nimezaliwa Majengo na kukulia hapo hapo. Nilihamia Chicago mwezi wa Agosti. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu yangu ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nilipofika, mji ulikuwa umechangamka: watu wamejaa ufuoni mwa ziwa, muziki kila bustani, nikaona kweli nimefika. Sasa ni Januari. Natoka nyumbani kungali giza, nikirudi naoga, nakula, najifunika blanketi na simu mkononi mpaka usingizi unichukue. Siku za ofu sitoki kabisa. Mwenzangu wa kazini, Mmarekani mwenye roho nzuri, amenialika kutembea naye zaidi ya mara moja, nami kila mara namwambia nimechoka. Ukweli ni kwamba naiogopa hiyo baridi, na koti langu ni jepesi naona haya kulivaa mbele za watu. Wakinipigia kutoka nyumbani nasema niko salama, simu ikikatika nalia. Nimeanza kuhesabu siku hadi Aprili. Nifanyeje, Shangazi? Nivumilie tu mpaka iishe?*

*Binti wa Pwani, Chicago*



Jibu langu ni hapana, usivumilie tu. Baridi ya Chicago huanza kuuma Novemba na mara nyingi hukawia mpaka Machi, pengine hata Aprili. Ukiamua kuingojea iishe chini ya blanketi, umeutupa karibu nusu ya mwaka wako, na mwaka ujao utautupa tena. Maji umeshayavulia nguo, sharti uyaoge.

Naisoma barua yako naona kinachokuliza ni upweke wa chumba kuliko baridi. Kwetu mtu akichoka hutoka akaketi barazani, akaona wapitao, akasalimiwa, moyo ukatulia. Chicago nayo ina baraza zake, ila ikifika Novemba huhamia ndani: kwenye maktaba, bustani za vioo, makumbusho na kumbi za muziki. Nyingi ni bure. Wenyeji wanazijua na kila wiki wanakwenda. Wewe umebaki kwenye mlango uliofungwa wa ufuo ukidhani mji wote umefungwa.

Tuanze na koti, maana ndilo linalokuzuia. Januari, joto la mchana Chicago huwa kwa wastani kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, na usiku hushuka kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri. Upepo wa kutoka ziwani ndio unaoifanya iume zaidi. Kwa hiyo usitafute nguo moja nene ya kukuokoa, vaa tabaka. Ya kwanza, fulana na suruali ya ndani inayobana, isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunyonya jasho na jasho hilo likipoa hukugeukia. Ya pili, sweta la sufu. Ya tatu, koti refu lisilopitisha upepo, lenye kofia, lifike magotini. Mikononi vaa glavu za aina ile ambayo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake, vidole vikigusana hupeana joto. Buti ziwe na soli yenye meno, zisipitishe maji, na zikulegee kidogo ili soksi nene ipate nafasi. Soksi ikibanwa, mguu huganda upesi.

Usiogope gharama. Chicago imejaa maduka ya mitumba, na koti zuri la baridi hupatikana humo kwa bei ya chini sana kuliko dukani. Wewe ni mtoto wa Mombasa, kuchagua mtumba hufundishwi na mtu. Kagua zipu, kagua mishono ya mabegani, pitisha mkono ndani ya mifuko. Wala usione haya: Januari kwenye jukwaa la treni kila mtu amevimba kama wewe, hakuna anayetazama koti la mwenziwe.

Sasa mwanga. Mombasa jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Chicago mwezi wa Desemba huzama saa kumi na dakika ishirini alasiri, na asubuhi halichomozi mpaka saa moja na robo. Zamu yako ikimalizika saa tisa, umebakiwa na saa moja na kitu ya mwangaza, nawe unaimaliza ndani ya basi na bafuni. Hiyo ndiyo saa yako ya dhahabu, ilinde. Shuka vituo viwili kabla ya nyumbani, utembee hata kama anga ni la kijivu, kwa sababu mwanga wa nje siku ya mawingu bado unaushinda wa taa za nyumbani kwa mbali. Siku za ofu toka kabla ya adhuhuri.

Hilo la kulia, kulala sana na kukosa hamu ya watu nisingependa ulidharau. Liko tatizo la huzuni linalokuja na majira ya baridi na kuondoka nayo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walilieleza kitaalamu, na lina tiba. Mojawapo ni taa maalumu yenye mwanga wa laksi 10,000, unayokaa mbele yake kama nusu saa asubuhi mara uamkapo, bila kuikodolea macho. Kabla ya kuinunua zungumza na daktari, hasa kama una tatizo la macho au umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Mwombe pia akupime vitamini D. Ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza, na jua la Chicago wakati wa baridi ni hafifu mno. Na ikitokea giza limekuzidi hata unaona heri usiwepo, piga 988 saa hiyo hiyo. Ni namba ya msaada ya Marekani nzima, usiku na mchana, na kuipiga ni bure.

Tukiisha hayo, twende matembezini.

Siku ya ofu ya kwanza panda treni ya njia ya kijani, ushuke kituo cha Conservatory kilicho upande wa magharibi. Hapo ipo Garfield Park Conservatory, bustani iliyofunikwa kwa vioo tangu 1908. Ukifungua mlango, joto na unyevu vinakupokea usoni, miwani ikifunikwa na mvuke. Kuna chumba cha minazi na michikichi inayokaribia kugusa paa, kuna chumba cha kangaga kama kando ya kijito, na kwingine migomba na miwa. Vua koti, kaa kwenye benchi, ulisikilize tone la maji likianguka kwenye jani. Kwako mkazi wa Chicago kiingilio ni bure, ila tazama kwanza kwenye intaneti kama unatakiwa kuweka nafasi, na siku wanazofungua.

Siku nyingine nenda katikati ya mji, Chicago Cultural Center. Jengo hilo lilifunguliwa 1897 likiwa maktaba kuu ya mji. Panda ngazi za marumaru nyeupe zilizopambwa kwa vipande vya vioo vya rangi, uingie ukumbi wa Preston Bradley, kisha inua kichwa. Juu yako kuna kuba la vioo vya Tiffany lenye upana wa futi 38, vipande kama 30,000 vilivyounganishwa kimoja kimoja. Siku ya theluji mwanga unaopita humo huwa wa kijani na dhahabu. Hulipi chochote, na mara nyingi kuna maonyesho ya picha na matamasha ya bure.

Kutoka hapo unaweza kushuka chini ya ardhi ukaifuata njia wanayoiita Pedway. Ilianza kujengwa 1951 na leo inapita chini ya mitaa takriban 40, ikiunganisha vituo vya treni, maduka na ofisi. Utatembea, utanunua kahawa, utaona watu, na upepo hautakugusa.

Maktaba kuu ya sasa inaitwa Harold Washington, jina la meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyechaguliwa 1983. Ilifunguliwa 1991, na ghorofa ya tisa ina ukumbi mpana wenye paa la kioo ambamo unaweza kuketi na kitabu mchana kutwa. Mtaani kwako pia hapakosi tawi. Chukua kadi ya maktaba wiki hii. Ukichelewesha kitabu hutozwi faini, ziliondolewa 2019. Uliza mkutubi kuhusu vikundi vya kusoma pamoja na madarasa ya bure. Hapo ndipo watu wageni wa mji huanza kujuana majina.

Nimekuwekea akiba mahali pa mwisho, Field Museum. Ndani ya jumba hilo wamo simba wawili wa Tsavo, wale wale waliowaua wafanyakazi wa reli pale daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa 1898, reli ya kutoka Mombasa kwenu. Mwingereza John Henry Patterson aliwapiga risasi mwezi wa Desemba mwaka huo, akazitumia ngozi zao kama mazulia kwa miaka mingi, kisha miaka ya 1920 akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Kwa kuwa ngozi zilikuwa zimekatwa na kuchakaa, simba unaowaona ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Ni madume, lakini hawana manyoya ya shingoni. Kiingilio cha kawaida ni ghali, ila wakazi wa Illinois hupewa siku za kuingia bure. Tazama tarehe, uende na kitambulisho chako. Simama mbele yao uwakumbuke wale vibarua Wahindi na Waafrika ambao wengi wao hatuyajui majina yao. Kisha mpigie mama simu umwambie ulichokiona. Siku hiyo utakuwa na la kumweleza zaidi ya "niko salama".

Baada ya baraza za ndani, mwanangu, iendee theluji yenyewe. Usiku inapoanguka bila upepo, magari hupungua na mji mzima hunyamaza, kwa kuwa theluji mpya humeza sauti. Asubuhi yake nenda ziwani. Maji ya Michigan yakiwa na joto kuliko hewa hufuka moshi mweupe, na penye mawimbi barafu hufanyika vipande vya mviringo vyenye kingo zilizoinuka, kama chapati zinazoelea zikigongana. Tazama ukiwa njiani, usikanyage barafu ya ziwa hata uwaone wengine wamefanya hivyo, kwani hupasuka bila kukuonya. Ukitaka kucheza, Maggie Daley Park huwa na njia ya barafu inayozunguka ndani ya bustani, unakodi viatu vya kuteleza unaingia na wenzako. Utaanguka. Watoto wa huko nao huanguka wakicheka, huamka wakaendelea.

Kuna siku ambazo kutotoka ndiyo busara, uzijue. Tarehe 30 Januari 2019 Chicago ilishuka hadi kama nyuzi 31 chini ya sifuri, shule zikafungwa na barua hazikupelekwa. Kila asubuhi soma kiwango cha baridi inayosikika mwilini pamoja na upepo. Kikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya nusu saa. Kidole au sikio likifa ganzi na kupauka, ingia ndani, litie kwenye maji ya uvuguvugu, usilisugue, na hisia isiporudi nenda hospitali. Penye barafu tembea hatua fupi, nyayo zikikanyaga bapa, mikono iwe nje ya mifuko ili ukiteleza uweze kujizuia.

Mwisho ni watu, na hawa ndio dawa kubwa. Theluji ikianguka, chukua koleo usafishe mbele ya mlango wenu, kisha usogee na mbele ya mlango wa jirani mzee. Majirani wa Chicago ambao hawajawahi kukuangalia watakusalimu siku hiyo. Kwenye majukwaa ya treni kuna taa za joto za rangi ya chungwa: unabonyeza kitufe, zinawaka, na watu wasiojuana wanasogeleana chini yake mabega yakigusana. Jibu akikusemesha mtu. Siku ukiwa na fedha kidogo nenda mtaa wa Devon, kaskazini ya mji, penye maduka ya Wahindi na Wapakistani. Utapata iliki, unga, mbaazi, bamia na masala ya chai. Rudi nyumbani upike mahamri na mbaazi za nazi, ufungashe kwenye mkebe.

Mkebe huo ni wa yule mwenzako wa kazini. Amekualika mara kadhaa na bado hajachoka. Mtu wa namna hiyo ni tunu mahali popote, sembuse ugenini. Mwambie ukweli kwamba ulikuwa unaogopa baridi na huna koti. Nina hakika anajua duka zuri la mitumba kuliko mimi. Mwombe mwende pamoja kwanza kununua koti, kisha moja kwa moja kwenye bustani ya vioo, na mpange siku kabla hamjaachana. Usiseme tutaona. Taja siku na saa, uandike kwenye simu, na kila wiki pawe na siku yenu, theluji inyeshe isinyeshe.

Umeiacha Mombasa ukasafiri mpaka Chicago na kuanza kazi ya kuwatunza wazee wasio wako. Aliyeweza hayo hawezi kushindwa na mlango wa nyumba. Mpigie mwenzako leo, kabla hujajifunika lile blanketi.

Wako,
Shangazi