Ameanguka, Ameinuka, Anasema Yuko Sawa

Pikipiki ikiteleza kwenye tope hapa Awasi, kando ya barabara kuu ya Kisumu–Kericho, watu hukimbilia kuinua pikipiki na kuokota mizigo kabla ya kumtazama mwendeshaji. Hana damu. Anajipangusa na kusema, "Omera, niko poa." Baada ya muda anauliza abiria wake yuko wapi. Anaonyeshwa: ameketi pale kibandani. Anauliza tena. Akiuliza mara ya tatu, wenzake wa steji wanaangua kicheko na kusema huyu leo amekunywa.

Huenda hajaonja hata tone. Kurudiarudia swali lile lile baada ya ajali ni dalili ya mtikisiko wa ubongo, na mtu huyo hafai kurudishiwa ufunguo wa pikipiki siku hiyo, hata akikasirika.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, ni laini, na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla au kikizungushwa kwa kishindo, ubongo husogea na kujipinda humo ndani, na nyuzi nyembamba zinazounganisha seli zake huvutika. Potasiamu hutoka ndani ya seli, kalsiamu huingia kwa wingi, na seli hutumia nguvu nyingi kurudisha mambo mahali pake, wakati ambapo damu inayoziletea sukari na oksijeni imepungua. Ndiyo sababu majeruhi hujibu polepole, husahau, huona kizunguzungu na huchukia mwanga na kelele. Wengi hawazimii kabisa. Tena si lazima kichwa kigonge chochote. Mwili kurushwa kwa nguvu kunatosha.

Skani nayo mara nyingi hutoka safi. Kazi yake ni kutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Hitilafu ya seli haiioni. Kwa hiyo jibu safi halimaanishi kwamba mtu anajisingizia ugonjwa.

Huku uwanda wa Kano tuna kikwazo kingine: malaria. Mtoto akilalamika kichwa, akitapika na kulegea, mzazi hufikiria malaria kwanza, na ana haki, maana ukanda huu wa ziwa ndio unaoumia zaidi kwa malaria nchini. Lakini kama mtoto huyo alianguka kutoka kwenye mwembe jana yake, dawa ya kununua dukani haitoshi. Kipimo cha malaria kinaweza hata kuonyesha vimelea, na bado kichwa kikawa kimeumia. Mwambie daktari habari za kuanguka bila kungoja kuulizwa.

Saa 48 za kwanza majeruhi asiachwe peke yake. Mkimbize hospitali mara moja akitapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, akipata kifafa, akiwa mgumu kuamka, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu ukilegea, au maji maji yakimtoka puani au masikioni. Hizo ni dalili kwamba huenda damu inavuja ndani ya fuvu au mfupa wa fuvu umevunjika. Mzee, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na aliyekuwa amelewa wapelekwe hata kama wanaonekana wazima. Majeruhi akilalamika shingo, msimbane katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, kama tulivyozoea. Mlazeni, mshikilieni kichwa kisigeuke, mtafute gari.

Dawa ya maumivu iwe paracetamol. Aspirini na ibuprofen ziepukwe mwanzoni kwa sababu zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Pombe hapana. Ile imani kwamba asilale kabisa haina msingi: akishapimwa na hana dalili za hatari, usingizi humsaidia. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudie kazi kidogo kidogo. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili, watoto ndani ya mwezi. Mwanafunzi asiyeweza kusoma ubao wiki ile asipewe adhabu ya uvivu.

Na asirudi uwanjani mapema. Ubongo ambao haujapona ukitikiswa tena, madhara huwa makubwa zaidi, na kwa vijana, ingawa ni nadra, unaweza kuvimba na kuua. Tangu Julai 2024 sheria za soka zinayaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyeumia hivyo. Kocha wa shule ya msingi hahitaji sheria hiyo; amtoe tu.

Helmeti haizuii kila mtikisiko, lakini Shirika la Afya Duniani linasema ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya jeraha la ubongo kwa hadi asilimia 74. Inayoning'inia kwenye usukani haipunguzi kitu. Mkanda ufungwe chini ya kidevu, wa abiria pia.

Ukihitaji msaada, piga 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Na ukifika hospitali ukaambiwa utangulize pesa, taja Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2): hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.