Umemaliza Matibabu ya Saratani ya Matiti? Dai Mpango Wako kwa Maandishi

Siku mama anapomaliza kuchomwa kwa miale, jamaa humpokea kwa shangwe na kadi ya kliniki husahauliwa kabatini. Hapo ndipo kosa huanzia. Saratani ya matiti yaweza kurudi miaka mingi baadaye, na dawa zilizoipiga vita huweza kuacha madhara yake mwilini.

Je, unafaa kumwona daktari mara ngapi? Kwa kawaida ni kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka mitatu ya kwanza, kila miezi 6 hadi 12 katika mwaka wa nne na wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Picha ya matiti, yaani mamogramu, hupigwa kila mwaka. Aliyekatwa titi zima hupigwa picha ya lile lililobaki.

Lakini ratiba hiyo ni ya watu wote, na wewe si watu wote. Chukua mfano wa akina mama wawili waliomaliza matibabu wiki moja. Wa kwanza ana umri wa miaka 34. Alipewa doxorubicin, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa huiogopa, na akaondolewa tezi za kwapani. Dawa hiyo huweza kudhoofisha moyo, kwa hivyo akianza kuishiwa na pumzi au kuvimba miguu, ni lazima moyo upimwe. Mkono wa upande uliopasuliwa nao waweza kuvimba hata baada ya miaka. Aulinde dhidi ya mikato na kuungua jikoni. Ule ushauri wa zamani kwamba asiinue chochote umeachwa. Mazoezi yanayoongezwa polepole hayana madhara. Kama saratani yake hustawishwa na homoni, vidonge na sindano za kupanga uzazi havimfai. Azungumze na daktari kuhusu koili ya shaba au kondomu, na asishike mimba akiwa anatumia tamoxifen.

Wa pili ana miaka 62 na anameza tamoxifen kila siku, dawa ambayo hutumiwa kwa miaka 5 na wakati mwingine 10. Yeye alishakoma hedhi. Akiona damu, hata tone, asiseme ni uzee: dawa hii huongeza kidogo hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo. Akibadilishiwa dawa na kupewa anastrozole, mifupa ndiyo itakayohitaji kuchunguzwa.

Hapa niseme jambo kuhusu pesa. Wapo wagonjwa wanaouza ng'ombe ili kupigwa picha za CT za mwili mzima kila baada ya miezi michache, ilhali hawana dalili yoyote. Vipimo hivyo havijaonyesha kuwa huongeza maisha ya mtu asiye na dalili. Heri pesa hizo zilipe nauli ya kliniki na dawa za kila siku.

Kabla ya kuagana na daktari wako, mwombe akuandikie karatasi yenye aina na kiwango cha saratani, upasuaji uliofanywa, majina na vipimo vya dawa, sehemu iliyochomwa, pamoja na vipimo vitakavyofuata na atakayevifanya. Daktari wa mtaani kwako hana faili lako. Bila karatasi hiyo, atakuwa akibahatisha.

Uvimbe mpya, maumivu ya mifupa yasiyokwisha, kikohozi cha muda mrefu, kichwa kinachouma kila siku au macho ya manjano visingoje tarehe ya kadi. Hofu na ukosefu wa usingizi pia vitaje, usione haya. Nakala moja ya karatasi iweke nyumbani, nyingine mpe jamaa anayekusindikiza kliniki.