Mpira na Kujuana: Somo la Garissa



Tumeulizwa: Je, yafaa vijana wetu kucheza mpira pamoja na vijana wa makabila mengine, na hata wa dini nyingine? Twajibu kwa mfano wa Garissa, mji ulio ukingoni mwa Mto Tana, mto ule ule umwagao maji yake baharini kwetu karibu na Kipini.

Katika mji ule wakaa Wasomali wa koo mbalimbali, Wamunyoyaya, Waorma, Waborana, na watu wa bara waliofuata kazi na masomo. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawabagua wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Lakini nyoyo hazifunguliwi kwa ufunguo, ila kwa kujuana; na kujuana ndiyo sababu ya kuumbwa makabila, kama ilivyo katika Suratul-Hujurat, aya ya 13.

Mchezo ni njia moja ya kujuana. Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini mwa Mtume S.A.W. siku ya Idi. Na Sayyidna Umar alipotaka kuwazuia, Mtume alimwambia awaache.

Lakini mchezo usio na adabu huwasha moto. Katika safari moja ya vita, Muhajiri mmoja alimpiga Muansari kwa nyuma. Mara huyu akawaita Ansari wenziwe, na yule akawaita Muhajirina. Mtume S.A.W. akaukemea mwito huo kuwa ni wa kijahiliya, akaamrisha uachwe. Tazameni: kosa lilikuwa la mtu mmoja, yakaitwa makundi mawili. Ndivyo iwavyo uwanjani timu zikiundwa kwa ukoo: teke la mguu mmoja huwa deni la ukoo mzima.

Basi twanasihi: timu zichanganywe tangu siku ya kwanza, mwamuzi awe mtu aliyeridhiwa na wote, mavazi yasitiri, mchezo usimame wakati wa sala, na kamari isikaribie. Kijana aliyepokea mpira kwa mwenziwe leo, kesho atamwuliza hali ya mamake.

Nasi watu wa pwani tusiwanyoshee kidole wa Garissa. Mitaa yetu nayo ina timu, na timu zetu zina matusi ya asili na nasaba. Tuanze kwetu.

Wabillahi tawfiq.