LAFUDHI KAMA VAZI: CHARLES BUKEKO NA KICHEKO CHA "PAPA SHIRANDULA"

Utangulizi

Aghalabu vichekesho vya televisheni hutajwa katika madarasa yetu kwa lawama mbili: kwamba vinaharibu Kiswahili sanifu, na kwamba vinayakejeli makabila kupitia lafudhi zao. Makala haya yanadhamiria kuzipima lawama hizo kwa kuangazia kazi ya marehemu Charles Bukeko, aliyebuni kipindi cha "Papa Shirandula" na kukiigiza akiwa mhusika mkuu.

Msanii na Kazi Yake

Bukeko alianzia jukwaani kabla ya kuingia kwenye runinga. Mwaka 2007, "Papa Shirandula" ilianza kuonyeshwa katika Citizen TV, na kwa zaidi ya miaka 10 jina la mhusika likalifunika jina la msanii. Tangazo la Coca-Cola lilimtambulisha hata nje ya Kenya. Alifariki tarehe 18 Julai 2020 kutokana na UVIKO-19.

Msuko wake ni sahili. Papa ni bawabu. Hutoka nyumbani amevaa suti, naye mkewe Wilbroda huamini kwamba mumewe anakwenda ofisini. Afikapo kazini, huivua suti na kuvaa sare. Hiki ni kinaya cha kitamthilia: mtazamaji anajua asichokijua Wilbroda. Katika mitaa ya Eastlands, kinaya hiki hakihitaji kufafanuliwa. Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Asubuhi, wakazi wengi wa mitaa jirani huelekea viwandani kwa miguu. Pale ambapo nyumba zimebanana, heshima ya mtu hupimwa kwa kazi yake, na aibu ya kazi duni huwa siri nzito. Anayemcheka Papa huenda anaificha sare yake mwenyewe.

Suala la Lafudhi

Papa huzungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluhya. Otoyo naye ana lafudhi ya Kijaluo, ilhali mwigizaji wake, Kazungu Matano, ni mtu wa Pwani. Jambo hili si geni. Katika "Vitimbi", Mzee Ojwang' aliyejulikana kwa lafudhi ya Kijaluo aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki mwaka 2015. Kwa hivyo, lafudhi katika sanaa hii si damu bali ni vazi, sawa na ile suti ya Papa. Hushonwa kwa kusikiliza majirani, na Eastlands haina uhaba wa majirani: watoto wa Kaloleni, Bahati na Jericho wamekua wakisikia lugha nyingi katika ua mmoja, na Sheng ikastawi humo humo.

Hata hivyo, tusilichukulie suala hili kwa wepesi. Mwaka ule ule kipindi kilipoanza, Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba, na ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,000. Wakati huo lafudhi iliweza kumtambulisha mtu kwa aliyetaka kumdhuru. Msanii anayechezea lafudhi katika nchi ya namna hiyo anachezea makaa.

Je, Bukeko alifaulu? Kwa maoni yetu, alifaulu kila mara kicheko kilipotokana na uongo wa Papa, kwani aibu ya kazi haina kabila. Onyesho lililoegemea matamshi pekee lilidhoofika, kwa kuwa lilimcheka mtu kwa jinsi alivyozaliwa badala ya alilotenda.

Hitimisho

Tunapendekeza kipimo kimoja kwa mwanafunzi wa fasihi. Chukua onyesho lolote la vichekesho, uliandike upya kwa Kiswahili sanifu bila lafudhi yoyote. Kicheko kikitoweka, basi lawama zina msingi. Kikibaki, hiyo ni tamthilia, nayo inastahili nafasi katika mihadhara yetu. Bawabu anayevua suti langoni atachekesha kwa lafudhi yoyote ile, na baada ya kucheka, atatuhuzunisha.