Mafuta ya Karanga, Ufuta na Alizeti: Fanya Haya, Acha Hayo

Wengi wakivimbiwa baada ya kisamvu cha karanga au wali wa nazi, jambo la kwanza ni kutafuta dawa. Mmoja anachemsha maji na kukamulia limau, mwingine ananunua unga wa majani usio na jina wala anwani, wa tatu anaapa kuacha mafuta kabisa. Nasema wazi: kabla hujagusa dawa, kagua unavyotafuna, kiasi unachomimina, saa unayokula na hali ya mafuta yenyewe. Kwa mtu ambaye ini, kongosho na utumbo wake ni vizima, shida mara nyingi iko hapo. Ambaye viungo hivyo vinaumwa ana maagizo yake, nayo yapo mbele.

Tafuna mpaka punje isisikike tena ulimini. Hili ndilo la kwanza na ndilo kubwa. Mafuta ya karanga, korosho, lozi na ufuta yamefungiwa ndani ya seli zenye kuta za nyuzi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja kuta hizo. Kinachozivunja ni meno, kinu au mashine ya kusaga. Watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walilipima jambo hili mwaka 2012 kwa kutumia lozi. Hesabu ya kawaida inasema gramu 28 za lozi zina kalori zipatazo 170, lakini waliozila walipata kama 129 tu. Sehemu ya mafuta ilipita mwilini na kutoka ikiwa bado imefungiwa. Punje iliyomezwa vipandevipande inafika hadi kwenye utumbo mpana, bakteria wa huko wanachachusha nyuzi na wanga uliomo, nawe unajaa gesi na kuilaumu karanga. Tazama choo chako siku moja baada ya kula kashata za ufuta kwa pupa. Utakuta mbegu zimetoka kama zilivyoingia, ganda na kiini. Ufuta huo hukuula, umeupitisha tu.

Twanga au saga pale meno yasipotosha. Mzee asiye na magego, mgonjwa anayepata nafuu, mtoto anayeanza kula: hawa wasipewe karanga za kutafuna. Twanga karanga zilizokaangwa kidogo mpaka unga wake uanze kulowa, ung'ang'anie mchi na kung'aa kwenye kuta za kinu. Mng'ao huo ni mafuta yaliyokwisha kutoka kwenye seli, na hapo umelifanyia tumbo kazi ambayo lisingeiweza. Mtoto wa chini ya miaka 5 usimpe karanga nzima kwa hali yoyote, hata akilia, hata kama mgeni ndiye aliyeleta. Punje ikiingia kwenye njia ya hewa inaua.

Usile mchicha mkavu ukidhani ndiyo afya. Vitamini A, D, E na K huingia mwilini zikisindikizwa na mafuta, na karotini ya majani ya mboga ni hivyo hivyo. Mama wa Lindi anayetia karanga kwenye kisamvu, wa Tanga anayetia tui kwenye matembele, na wa Kigoma anayepika kwa mawese, wote wanafanya sawasawa. Kilichobaki ni kipimo.

Pima kwa kijiko. Acha kumimina kutoka kwenye dumu. Ili uelewe kwa nini nasisitiza, fuata njia ya mafuta. Mdomoni na tumboni yanaguswa kidogo tu. Kazi inaanza hasa yakifika mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo utumbo unatoa homoni inayoubana mfuko wa nyongo ukamwage nyongo, inayoiamuru kongosho ilete vimeng'enya, na inayolizuia tumbo lisiteremshe chakula kingi kwa mkupuo. Nyongo inayavunjavunja mafuta kuwa matone madogo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria ya pilau, kisha kimeng'enya cha kongosho kinayakata matone hayo mpaka yaweze kupenya ukuta wa utumbo. Ini hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita nzima kwa siku. Ni nyingi, lakini inakuja kwa awamu, na tumbo lililojazwa sambusa, bagia, chipsi na kuku wa kukaanga kwa mlo mmoja litabaki limejaa kwa saa kadhaa. Uzito huo unaousikia ni mwili unangoja zamu yake.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina gramu 14 hivi, yaani kalori 120. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 67, zikijumlishwa na zile zilizomo ndani ya nyama, maziwa na karanga. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Konzi moja inatosha kwa siku. Kukaa mbele ya televisheni na karatasi nzima ya karanga, kisha kula ugali na samaki wa kukaanga, hakuna ini linalostahili kufanyiwa hivyo kila jioni.

Usilale na chakula cha mafuta kingali kifuani. Mafuta ndiyo yanayochelewa kuliko vyote kuondoka tumboni, na ukilala chali asidi inapanda na kiungulia kinakuamsha usiku. Kula angalau saa 3 kabla ya kulala. Anayetoka kazini usiku wa manane ale kidogo, chenye mafuta machache, na ule mlo mzito aungoje mchana.

Acha hofu ya maji baridi. Watu wazima wenye elimu yao bado wanaamini kwamba maji ya friji huyagandisha mafuta tumboni. Mafuta ya alizeti hayagandi hata ndani ya friji. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi joto 25 hivi, na tumboni mwako kuna 37. Maji hayo yanapashwa joto mara moja. Kwa sababu hiyohiyo maji ya moto hayayeyushi kitu, na limau halikati mafuta ya mwilini. Kunywa maji unayoyapenda, limau tia kwenye kachumbari, lakini usimwambie mgonjwa kwamba umempa tiba.

Na hili la kunywa kikombe cha mafuta ya zeituni na limau ili kutoa mawe kwenye nyongo, likome. Yale madonge ya kijani yanayoonekana chooni kesho yake si mawe. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand waliyapima madonge ya mgonjwa mmoja na kueleza walichokuta katika jarida la Lancet: ni sabuni iliyotengenezeka tumboni kutokana na mafuta yaleyale aliyokunywa. Mwenye mawe ya kweli akinywa kikombe cha mafuta anaulazimisha mfuko wa nyongo ujibane kwa nguvu, na jiwe linaweza kusukumwa likazibe mfereji. Anaweza kuishia chumba cha upasuaji.

Usile kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyochoka. Simama kwenye karai la mkaanga chipsi au mihogo ulitazame kabla hujatoa hela. Mafuta mazuri unaona chini ya karai. Yaliyochoka ni meusi, mazito, yanatoa povu la viputo vidogo lisilotulia hata chakula kikishatolewa, yanafuka moshi mapema, na harufu yake inakaba koo. Joto, hewa na maji ya viazi vimekwisha kuyavunja na kuyaunganisha upya kuwa vitu ambavyo mwili hauvihitaji, na chakula kikipikwa humo kinanyonya mafuta mengi zaidi. Kuongeza mapya juu ya yale ya jana hakuyasafishi. Nyumbani chuja, funika, weka mbali na jua, na yakibadilika rangi au harufu yamwage. Najua bei ya mafuta. Kaanga mara chache, tumia kidogo, lakini usimlishe mtoto mafuta ya wiki nzima.

Chambua karanga punje kwa punje. Hapa sitaki mzaha wa aina yoyote. Karanga na mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huyo hutoa sumukuvu, ambayo shabaha yake ni ini, kiungo kilekile kinachotengeneza nyongo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kutokana na mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Kwa dozi ndogondogo za miaka mingi haikuangushi siku moja. Inaongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kukaanga hakuimalizi. Kuchemsha hakuimalizi. Kwa hiyo mwaga karanga kwenye ungo, mchana, penye mwanga, na utoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka na zenye vumbi la kijani au la kijivu. Ukitafuna ukasikia uchungu, tema. Zile ulizozitoa usimsagie mtoto kwenye uji wa lishe kwa kuona huruma ya kutupa, wala usiwape kuku. Na karanga zilizosagwa tayari, ambazo hujui zilisagwa na nini, zinunue kwa mtu unayemwamini au usizinunue.

Loweka chia. Mbegu hizi zinazosifiwa sana siku hizi hunywa maji mara nyingi ya uzito wake na kuvimba. Huko North Carolina, Marekani, mwaka 2014 madaktari walieleza habari za mtu aliyemeza kijiko cha chia kavu kisha akanywa maji. Zikavimba njiani na kuziba umio wake. Nusu saa ndani ya maji au maziwa inatosha.

Usikatae mafuta yote kwa pupa ya kupunguza mwili. Mfuko wa nyongo usiposikia mafuta kwa muda mrefu haubanwi, nyongo inakaa humo na kuwa nzito, na mawe huanza. Kupungua uzito haraka ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za mawe hayo. Dawa za kupunguza mwili zenye orlistati hufunga kimeng'enya cha kongosho ili mafuta yapite bila kumeng'enywa, na vitamini zake hupita nayo. Usizimeze kwa ushauri wa shoga yako.

Pombe iache, hasa kama tumbo la juu limeanza kukuuma hadi mgongoni. Pombe ni miongoni mwa mambo makuu yanayoharibu kongosho, na kongosho ikishachoka hakuna kutafuna wala kupima kutakakoyameng'enya mafuta.

Sasa wale wenye viungo vinavyoumwa. Choo kilichopauka, kinachong'aa mafuta, kinachonuka kupita kawaida na kugoma kuondoka hata ukimwaga maji mara mbili, kikijirudia kwa wiki kadhaa huku unakonda, ni mafuta yanayopita bila kumeng'enywa. Huenda ni kongosho, huenda ni mfereji wa nyongo, huenda ni vijidudu vya giardia kwenye utumbo. Vipimo ndivyo vitakavyosema. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta, yanayopanda hadi bega la kulia, yashuku kuwa ni ya mawe. Yakija pamoja na homa, au macho yakigeuka manjano na mkojo kuwa kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu awe macho zaidi ya wote, kwa kuwa chembe nyekundu zinazovunjika kila siku huacha rangi inayojenga mawe kwenye nyongo hata kwa mtoto mdogo asiyekula mafuta mengi. Tumbo la mtoto huyo likiuma juu kulia, usiseme ni minyoo.

Aliyeondolewa mfuko wa nyongo anaweza kula karanga na nazi. Nyongo yake sasa inadondoka kidogokidogo moja kwa moja kutoka kwenye ini, kwa hiyo agawanye mafuta yake kwenye milo midogo, na akiharisha baada ya mlo wa mafuta apunguze kipimo kabla ya kulaumu upasuaji.

Ukifika kwa daktari, mtajie rangi ya choo, mlo uliotangulia maumivu, kilo ulizopungua, na kila unga wa majani uliokunywa na kwa siku ngapi. Usimfiche hata mmoja, kwa sababu baadhi ya majani hayo huliumiza ini, naye hawezi kulijua hilo usipomwambia.